Vidonge vya vitamini: tuulize kipimo kabla ya kuuliza bei

Ukipita katika mji wa Bukoba, kuanzia stendi hadi Soko Kuu, kisha ukaenda Muleba mjini, Kamachumu na Nshamba, huwezi kukosa kukutana na mtu mwenye mkoba anayeuza vidonge vya vitamini. Wengine wanauza dukani, wengine kwenye vikundi vya kina mama, wengine katika vyumba vya walimu, na wapo wanaotandika meza nje ya lango la msikiti Waislamu wakitoka kuswali Ijumaa. Maneno yao yanafanana: vidonge hivi vinaongeza damu, vinasafisha ini, vinarudisha nguvu, vinamfanya mtoto awe na akili darasani. Na juu ya yote hayo kuna sentensi moja ambayo haikosekani: "Hii siyo dawa, ni lishe tu, kwa hiyo haina madhara."

Ndugu msomaji, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, si daktari wala mfamasia. Lakini sisi walimu wa dini ndio tunaoulizwa. Mtu anashika chupa anauliza, "Ustadhi, hii ni halali?" Akijibiwa kwamba hakuna nguruwe wala pombe ndani yake, anafungua na kumeza, akiamini kwamba suala limekwisha. Je, ni kweli limekwisha? Je, kitu kikiwa halali basi kinamfaa kila mtu, kwa kiasi chochote, kutoka kwa muuzaji yeyote?

Jibu la swali hilo halihitaji kutafutwa Ulaya. Liko hapa hapa Tanzania. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo vidonge vya vitamini na madini vimechunguzwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kutumia maelfu ya watu wetu, Dar es Salaam na Pemba. Ajabu ni kwamba wauzaji wa chupa hawatuelezi matokeo ya uchunguzi huo, au wanatueleza nusu yake tu.

Vitamini ni nini hasa?

Vitamini ni vitu ambavyo mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ukivikosa unaugua. Zinazojulikana ni 13. Zipo zinazoyeyuka katika maji, nazo ni vitamini C na zile za kundi B. Nyingi katika hizi zikizidi hutoka kwa njia ya mkojo, ingawa nazo zina mipaka yake. Na zipo zinazoyeyuka katika mafuta, yaani A, D, E na K. Hizi mwili huzihifadhi, hasa katika ini na mafuta. Mtu akimeza kila siku kuliko anavyohitaji, akiba inaongezeka, na akiba ya vitamini A ikizidi inageuka sumu. Kwa mama mjamzito, vitamini A nyingi katika miezi ya mwanzo inaweza kumletea mtoto kasoro za kimaumbile. Madini kama chuma, zinki na seleniamu nayo yana hukumu hiyo hiyo: kidogo ni uhai, kingi ni madhara.

Kwa hiyo kauli ya "ni lishe tu" haina msingi. Kitu kinachoweza kumponya aliyepungukiwa, kwa nguvu hiyo hiyo kinaweza kumdhuru aliyetosheka. Ndiyo maana jambo la kwanza katika vitamini ni kipimo.

Somo la Dar es Salaam

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa habari za UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983, wakati ambapo watu waliuita ugonjwa huo "Juliana" bila kujua unatoka wapi. Tulizika, tukalea mayatima, na kwa miaka mingi hapakuwa na dawa. Katika hali ya namna hiyo, mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walianza kuchunguza kama vitamini zinaweza kuwasaidia kina mama wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Walioshiriki walikuwa kina mama 1,078. Wapo waliopewa multivitamini yenye vitamini za kundi B, C na E, wapo waliopewa vitamini A peke yake, wapo waliopewa vyote viwili, na wapo waliopewa vidonge visivyo na kitu ili pawepo kipimo cha kulinganishia.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionesha kwamba katika kina mama waliopewa multivitamini bila vitamini A, asilimia 24.7 ndio waliofikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au kufariki, wakati katika wale waliopewa vidonge vitupu walikuwa asilimia 31.1. Hiyo ni faida ya kweli, na ni wajibu tuikiri. Multivitamini ilichelewesha ugonjwa kwa watu ambao wakati huo hawakuwa na dawa nyingine.

Lakini vitamini A je? Hii ndiyo iliyotarajiwa kuleta faida kubwa, kwa sababu upungufu wake unajulikana kudhoofisha kinga ya mwili. Ilikuwa kinyume chake. Matokeo ya mwaka 2002 yalionesha kwamba kwa kina mama waliopewa vitamini A pamoja na beta-karotini, hatari ya mtoto kuambukizwa virusi kutoka kwa mama iliongezeka kwa takriban asilimia 38. Vitamini ile ile iliyopo katika karoti, maembe na maini, ilipotolewa kwa dozi ya kidonge kwa watu wa hali fulani, ilileta madhara ambayo hakuna mtu angeyakisia kwa kutazama chupa. Wanawake hao hawakunywa bidhaa feki. Walipewa vidonge safi, na wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia. Sasa tujiulize, huyu anayemeza chupa ya mtaani bila kufuatiliwa na mtu yeyote, yeye ana uhakika gani?

Ukweli uliogeuzwa kuwa biashara

Baada ya matokeo ya 2004, daktari mmoja kutoka Ujerumani aitwaye Matthias Rath, mwenye biashara ya vitamini, aliutumia utafiti huu wa Dar es Salaam katika matangazo yake Afrika Kusini. Aliwaambia watu kwamba dawa za kufubaza virusi ni sumu na kwamba vitamini ndiyo jibu, na vitamini zake zikagawiwa kwa wagonjwa katika kitongoji cha Khayelitsha, Cape Town. Mwaka 2005 watafiti wenyewe wa Harvard walitoka hadharani kulaani matumizi hayo, wakieleza kwamba vitamini hazichukui nafasi ya dawa. Mwezi Juni mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape iliamua kwamba majaribio yaliyokuwa yakifanywa kwa watu wale hayakuwa halali kisheria, na ikaamuru matangazo yale yakome.

Nimelitaja tukio hili kwa sababu njia aliyotumia ndiyo hiyo hiyo inayotumika katika mitaa yetu. Uongo mwingi wa biashara ya vitamini haujengwi juu ya uongo mtupu. Unachukuliwa ukweli mdogo, unakatwa mkia na kichwa, kisha unauzwa. Ni kweli vitamini zilisaidia, lakini zilizosaidia ni zipi, kwa nani, kwa kipimo gani, na wakati ambapo hapakuwa na nini? Maswali hayo hayaandikwi kwenye chupa.

Mwaka mmoja baada ya darsa la kina mama huko Muleba, mama mmoja wa makamo alinisubiri hadi wenzake walipoondoka. Akaniambia, "Ustadhi, ndugu yangu anatumia zile dawa za kliniki. Ameletewa chupa, kaambiwa akimaliza mbili anaweza kupumzika na dawa. Wewe unasemaje?" Nilimjibu, "Mama, mwambie asiache dawa hata siku moja, na hiyo chupa aende nayo kliniki wamwoneshe kama inafaa." Jibu hilo halikuhitaji elimu ya udaktari. Anayemshawishi mgonjwa aache dawa inayojulikana kumweka hai, ili anunue chupa isiyojulikana, anacheza na nafsi ya mtu.

Na hata yule asiyeacha dawa ana jambo la kujua. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi nchini wamehamishiwa kwenye dawa yenye dolutegravia. Dawa hiyo ikikutana tumboni na chuma, kalsiamu, magneziamu au zinki pasipo chakula, madini hayo huishika na mwili ukapata dawa pungufu. Ndiyo maana wataalamu huelekeza dawa inywewe saa mbili kabla ya vidonge vya madini au saa sita baada yake, au vinywewe pamoja na chakula. Vidonge vingi vinavyoitwa "vitamini" vina madini hayo ndani yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anameza dawa yake kila siku kwa uaminifu kabisa, na huku kidonge cha "lishe tu" kinamwibia dawa hiyo tumboni.

Dozi kubwa zaidi, nafuu zaidi?

Wapo wanaosema: kama kimoja kinafaa, viwili vitafaa zaidi. Hili nalo limepimwa Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2006 na 2008, wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa multivitamini ya kipimo cha kawaida cha mahitaji ya siku, kundi jingine likapewa kipimo kilichozidishwa mara kadhaa. Mwezi Machi mwaka 2009 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa nini? Vipimo vya damu vilionesha kwamba waliopewa dozi kubwa walikuwa na dalili zaidi za ini kupata shida. Matokeo kamili yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kuliko dozi ya kawaida. Yaani hapakuwa na faida ya ziada, na ini likalipa gharama.

Basi mkumbuke muuzaji anayesema chupa yake "inasafisha ini", kisha soma pembeni mwa chupa uone namba za asilimia 500 au 1,000 ya mahitaji ya siku.

Hili si la watu wenye virusi peke yao. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji wa sigara walifuatiliwa kwa miaka kati ya mitano na minane. Matokeo ya mwaka 1994 yalionesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Ilitarajiwa vidonge hivyo viwakinge. Viliwaongezea balaa.

Somo la Pemba, na kwa nini Muleba inahusika

Nimeona watoto wa shule wakinyweshwa "maji ya kuongeza damu" kila asubuhi, bila mtoto kupimwa damu wala malaria. Wazazi wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini hebu tutazame yaliyotokea Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wadogo wa Pemba, kuanzia mwezi mmoja hadi 35, waliingizwa katika utafiti mkubwa. Watoto 24,076 waligawanywa. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine chuma, foliki na zinki, na wengine kidonge kitupu. Lengo lilikuwa jema kabisa: kuondoa upungufu wa damu. Mwezi Agosti mwaka 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma na foliki yalisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitalini iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao. Utafiti mwingine wa namna hiyo hiyo uliofanyika Nepal, mahali ambapo hapakuwa na malaria, haukuonesha madhara hayo.

Tofauti ilikuwa malaria. Chuma ni chakula cha damu, lakini vimelea vya malaria na baadhi ya vijidudu vingine navyo vinakihitaji. Mtoto mwenye upungufu halisi wa chuma, aliyepimwa na kutibiwa malaria yake, alinufaika. Mtoto asiye na upungufu huo, anayeishi mahali penye malaria nyingi, akaongezewa hatari.

Sasa ni wilaya gani ina malaria nyingi? Muleba imewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, na ndiyo iliyochaguliwa kuwa mahali pa majaribio ya vyandarua vya aina mpya ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 na kusomwa dunia nzima. Kama kuna mahali ambapo mzazi hatakiwi kumpa mtoto chuma kwa kukisia, ni hapa kwetu. Na kuna jambo la pili: kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Mtoto wa selimundu huonekana amepauka, jirani akasema "hana damu, mpe chuma". Huyu mara nyingi anahitaji asidi ya foliki, siyo chuma, hasa kama ameshaongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma kilichozidi hakina mlango wa kutokea mwilini na hurundikana katika ini na moyo. Nani atajua tofauti hiyo? Atajua mwenye kipimo, siyo mwenye mkoba.

Ndani ya chupa mna nini?

Hadi hapa tumezungumzia vidonge ambavyo ndani yake mna kile kilichoandikwa nje. Tukija kwenye ubora, tatizo linaongezeka.

Wauzaji wengi wanajivunia kwamba bidhaa "imetoka Marekani". Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu bidhaa hizi haimtaki mtengenezaji athibitishe usalama na ufanisi wake mbele ya mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, kabla ya kuziingiza sokoni. Kwa hiyo mwenye kukuonesha chupa ya vitamini na kusema "FDA wameidhinisha" ama hajui au anakudanganya. Mwaka 2008 huko huko Marekani, watu 201 katika majimbo 10 waliugua baada ya kunywa kinywaji cha vitamini na madini ambacho kilitakiwa kuwa na mikrogramu 200 za seleniamu kwa dozi. Kilipopimwa kilikutwa na mikrogramu 40,800. Watu waliharisha, wakaumwa viungo, nywele zikanyonyoka na kucha zikaharibika. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Ni makosa ya kuchanganya. Ikiwa hayo yametokea penye maabara nyingi, itakuwaje kwa chupa iliyopita mpakani Mutukula kwenye begi la nguo?

Kuna pia kuchanganya kwa makusudi. Mamlaka za dawa duniani zimekuwa zikikamata bidhaa zinazoitwa "lishe ya asili" za kuongeza nguvu za kiume ambazo ndani yake zimetiwa kwa siri sildenafili, ambayo ni dawa ya hospitali. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akimeza hiyo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka ghafla na kumuua. Yeye anajua amekula mizizi.

Na hata kidonge kilichotoka kiwandani kikiwa kizima kinaweza kuharibika njiani. Vitamini C na asidi ya foliki haziipendi joto, mwanga wala unyevu. Bukoba yetu ni mji wa mvua na unyevu mwaka mzima. Chupa ikifunguliwa, vidonge vikahesabiwa vitano vitano na kufungwa kwenye karatasi au mfuko wa plastiki, basi tarehe ya mwisho wa matumizi iliyobaki kwenye chupa haina maana tena, na namba ya toleo imepotea. Likitokea tatizo, hakuna wa kulifuatilia.

Hapa nchini, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha TFDA. Mwaka 2019 mambo yaligawanywa: usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamia Shirika la Viwango, TBS, na dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka yenye jina jipya la TMDA. Wapo wanaojificha katikati ya milango hii miwili. Wakiulizwa na mkaguzi wanasema "ni chakula". Wakizungumza na mgonjwa wanasema "inatibu kisukari". Msomaji afahamu kwamba bidhaa ikishadai kutibu ugonjwa imejiita dawa yenyewe, na mteja ana haki ya kuuliza usajili wake.

Halali ni zaidi ya jelatini

Swali la jelatini lina nafasi yake. Maganda mengi ya kapsuli hutengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe, na wanazuoni wamejadili suala la kitu kubadilika umbile, yaani istihala, wakatofautiana. Mwislamu ana haki ya kuuliza, na siku hizi zipo kapsuli za mimea. Lakini tusiishie hapo.

Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akaingiza mkono katika rundo la nafaka na kukuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji na kueleza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Nafaka ile ilikuwa halali. Kosa lilikuwa kuficha. Basi mwenye kuuza chupa huku akificha kwamba haijui, au kwamba muda wake unakaribia kwisha, au kwamba anachotafuta ni kuandikisha watu chini yake ili apate gawio, huyo ameficha unyevu chini ya rundo. Kadhalika katika fiqhi yetu, mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yatakayompata mgonjwa. Ustadhi, sheikh au imamu anayetumia heshima ya kanzu yake kuuzia watu vidonge asidhani kwamba dhamana hiyo haimhusu. Waumini hawanunui kwa sababu wamesoma utafiti. Wananunua kwa sababu wanamwamini yeye. Hiyo ni amana.

Kuna chakula mezani

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na katika mkoa wa Kagera ni takriban asilimia 34. Huu ni mkoa wenye ndizi, maharage, kahawa na ziwa lenye samaki. Inakuwaje?

Sehemu ya jibu iko katika sahani. Ndizi ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini mtoto aliyeshibishwa ndizi peke yake ana tumbo lililojaa na mwili wenye njaa. Akiongezewa maharage, dagaa, yai, mboga za majani zilizotiwa mafuta kidogo na kipande cha papai au parachichi, amepata kile anachotafutiwa kwenye chupa. Senene wakati wa msimu wake wana protini na mafuta ya kutosha. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana kalsiamu. Chai na kahawa zinazonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini vizuri, wakati chungwa au limao huisaidia kuingia. Basi chai na isogezwe mbele kidogo. Bei ya chupa moja ya vitamini inanunua dagaa na mayai ya siku nyingi. Mama wa Muleba anayeuza mkungu wa ndizi ili amnunulie mtoto chupa ameuza chakula akanunua matangazo.

Tufanye nini?

Sisemi kwamba vidonge vyote vya vitamini ni vibaya. La hasha. Mama mjamzito anayepewa chuma na asidi ya foliki kliniki avimeze, wala asivitupe kwa sababu ya makala hii. Mtoto wa miezi sita hadi 59 apelekwe kupata matone ya vitamini A yanayotolewa na serikali mara mbili kwa mwaka, kwani hiyo ni dozi iliyopimwa kwa umri wake. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa vitamini B6 pamoja na dawa zake asiiache. Hawa wote wamepewa na mtu anayejua kwa nini, kiasi gani na hadi lini.

Kwa mwingine yeyote, kabla ya kufungua mkoba wa fedha, aulize mambo haya. Kwanza, nimepimwa nikakutwa na upungufu gani? Pili, kila kidonge kina kiasi gani, na ni asilimia ngapi ya mahitaji ya siku? Tatu, mtengenezaji ni nani, namba ya toleo na tarehe ziko wapi, na usajili wake hapa nchini uko wapi? Nne, je, ninatumia dawa nyingine, na mfamasia au mhudumu wa kliniki ameiona chupa hii? Tano, je, anayeniuzia atanufaika nikipona au atanufaika nikinunua tena? Asiyepata majibu abaki na fedha zake. Na vidonge vya chuma viwekwe mbali na watoto, kwani vingi vina rangi nyekundu na utamu wa juu kama peremende, na mtoto akimeza vingi kwa pamoja anaweza kufa.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu. Lango la msikiti ni mahali pa kuaminiana. Wasiruhusu meza ya bidhaa za kumeza bila kuona vibali vyake. Bora zaidi wamwalike mfamasia au muuguzi Mwislamu baada ya swala ya Ijumaa, azungumze kwa dakika 20 juu ya mambo haya. Wako wengi Bukoba na Muleba, na wengi wao hatujawahi kuwapa nafasi.

Mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Basi na tunachotia midomoni mwetu na mwa watoto wetu tukitie kwa kipimo.

Wabillahi tawfiiq.